Maswali na Majibu ya Fasihi: Bahari ikamrudisha nani?

SWALI

Shikamoo Maalim. Mimi ni msomaji wako wa Wete. Hapa tuna kikundi cha kusoma hadithi, na nimepewa kazi ya kutafsiri kwa Kiingereza hadithi fupi ya mwenzetu mmoja ambayo bado haijachapishwa. Kwa ufupi ni hivi. Hamad, mvuvi wa kaskazini mwa Pemba, anapendana na Riziki. Posa yake inakataliwa na Riziki anaozwa mfanyabiashara. Usiku wa harusi, nao ni wakati wa kusi, Hamad anatweka tanga la ngalawa yake, anaupita mnara wa taa wa Kigomasha na haonekani tena. Wavuvi wanasema, "Bahari imemchukua." Riziki yuko ndani ya fungate. Usiku wa sita anatoka kwa mlango wa uani, anashuka pwani, maji yanajaa, anaingia mpaka yakamfika kifuani huku akimwita Hamad. Kisha hadithi inamalizika hivi:

"Mama mkwe alipoamka alikuta mlango wa uani u wazi na kandili inawaka. Siku ya saba bahari ikamrudisha."

Kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema aliyerudishwa ni Hamad, wengine Riziki. Wengine wanasema hai, wengine maiti. Mmoja wetu, mwalimu wa skuli, anasema kisarufi kiwakilishi humrejelea mtu wa mwisho kutajwa, kwa hiyo mwandishi kakosea na arekebishwe. Tena anasema hadithi kubwa za mapenzi, kama Romeo and Juliet, humalizika wazi, bila utata. Mimi shida yangu ni moja: Kiingereza kinanilazimisha niseme ni mwanamme au mwanamke. Nichague nani?

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimekisoma kipande ulichonitumia mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, maana hadithi hii imeandikwa kwa sikio.

Tuanze na sheria ya huyo mwalimu ili tuiweke pembeni. Ikiwa ile -m- ya "ikamrudisha" lazima imrejelee mtu wa mwisho kutajwa, basi aliyerudishwa na bahari ni mama mkwe, na kandili yake mkononi. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyesoma hivyo, na mimi sikusoma hivyo. Kiswahili hakina sheria hiyo. Kiambishi cha mtendwa humfuata yule ambaye masimulizi yamemuweka moyoni mwa msomaji, na hapa mwandishi kaweka wawili. Hajakosea. Kafanya kusudi, na nitakuonesha kwa nini naamini hivyo.

Hoja ya wanaomtaka Hamad ina nguvu kuliko wanavyojua wenyewe. Kurudisha hutaka kuwe na kuchukua kabla yake. Ndani ya hadithi, anayesemwa kwa mdomo kwamba bahari "imemchukua" ni Hamad, na neno hilo halikutumika kwa Riziki hata mara moja. Kitenzi cha mwanzo na kitenzi cha mwisho vinaitikiana kama kibwagizo. Mtu akiniambia ni Hamad kwa sababu hiyo, simwiti msomaji mvivu.

Lakini angalia -ka-. Mwandishi hakusema "bahari ilimrudisha". Kasema "ikamrudisha", na -ka- haisimami peke yake. Ni pete ya mnyororo, hushikamana na tendo lililotangulia. Mnyororo wa Hamad ulikatika alipoupita mnara, kurasa mbili nyuma. Mnyororo ulio wazi ni wa Riziki: akatoka, akashuka, akaingia, mama mkwe alikuta mlango wazi, bahari ikamrudisha. Kumrudia Hamad baada ya kumuacha muda wote huo, mwandishi mwenye lugha kama huyu angelianza upya kwa -li-. Sisemi haiwezekani, ila ingelikwaruza, na kwingine kote hadithi hii haikwaruzi.

Halafu kuna bahari yenyewe. Watu wa fasihi tunapenda kuifanya bahari kuwa ishara tu, tukasahau kuwa ina mwendo wake. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kusi likivuma huzidi kasi. Chombo kilichopotea nje ya Kigomasha wakati huo, kikitupwa popote, mtu atakitafuta kwenye mwambao wa Kenya kabla ya kukitafuta kijijini kilikotoka. Mwandishi wa Pemba analijua hilo bila kufunguliwa kitabu. Riziki, kinyume chake, kaingia maji yakiwa yanajaa, na mwandishi kajitahidi kutuambia kuwa yanajaa. Maji yanayojaa husukuma kuelekea nchi kavu. Nilimsomea mstari huo nahodha mmoja mzee wa Nungwi, sikumwambia mgogoro wenu, akanijibu papo hapo: "Huyo mwanamke kaletwa na maji." Hakufikiri hata kidogo.

Sasa "siku ya saba". Hapa mwandishi ni fundi. Hamad aliondoka usiku wa harusi, na fungate nayo huhesabiwa tangu harusi. Kwa hiyo hesabu ni moja kwa wote wawili, na saba haiwezi kutuamulia nani. Lakini inaongeza jambo. Siku ya saba ndiyo fungate inamalizika, bibi harusi anatoka ndani na watu wanamuona. Huyu naye katoka, na watu wamemuona, ila kaletwa na bahari badala ya kutolewa na somo wake, yaani kungwi wake. Na kitenzi kile kile, kurudisha, kwetu kina kazi nyengine ambayo hakuna msomaji wa Pemba asiyeisikia: mke karudishwa kwao. Mke hurudishwa akikataliwa. Ukiusikia mstari kwa sikio hilo, Riziki alikwenda kwa bahari kama mtu anavyokwenda kwa mume aliyemtaka mwenyewe, na bahari nayo ikamkataa, ikamrudisha kwa yule asiyemtaka. Yaani yu hai. Kwangu hiyo ndiyo tafsiri chungu kupita zote, na ndiyo ninayoelemea. Mke wangu, ambaye ni msomaji mkali kuliko mimi, anasema nimezeeka nikawa laini, msichana kafa na kila mtu anajua kafa.

Sarufi haitusaidii kuamua kati yangu na yeye. Nimeona katika barua yako kuna mwenzenu anayesema lazima awe hai kwa sababu maiti angekuwa kitu, na mwandishi angeandika "ikairudisha". Siyo. Kwenye vitabu vyetu vya fikihi twasoma kumuosha maiti, kumkafini, kumswalia, kumzika. Maiti kwa lugha ya heshima hubaki mtu mpaka anaingizwa kaburini. Hiyo -m- inawatosha walio hai na waliokufa. Kinachoegemea kidogo upande wangu ni kwamba mwandishi kaliacha neno la kawaida la watu wa pwani, "kutema". Bahari ikileta mwili, huambiwa imemtema. Yeye hakulitaka.

Na kwa nini hakusema wazi? Nikwambie kisa changu. Miaka mingi nyuma, nikiwa mhariri kijana hapa Mjini, nilipewa hadithi yenye mstari wa mwisho wa aina hii. Nikaona utata, nikaona kazi yangu ni kuondoa utata, nikachukua kalamu nyekundu nikaandika jina la msichana juu ya kiambishi. Mwandishi, mama wa makamo, alikuja mwenyewe ofisini na karatasi ile. Hakukasirika. Aliweka kidole juu ya jina nililoliongeza akasema, "Mwanangu, umemfunua." Nilichelewa kumuelewa. Msichana wa hadithi ile naye aliingia majini usiku. Kwetu aliyekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi, yaani waliokufa kifo cha heshima mbele ya Mungu, na aliyejiua mwenyewe khabari yake ni nyengine, hata majirani huinamisha sauti. Mwandishi hakutaka kuwa kadhi wa mtoto wake. Kaacha nafasi: labda alikwenda kuita tu, labda wimbi lilimzidi, labda siye. Kiambishi kile kilikuwa kanga kamfunika, nami nikaivuta. Mtizame Riziki wenu sasa. Mwandishi kamfikisha kifuani mwa maji, mdomoni mwake jina la Hamad, akamuacha hapo hapo na kuhamia kwenye mlango na kandili. Hatukuoneshwa hatua ya mwisho. Sitara ni sitara, na mimi sitaivuta mara ya pili.

Hiyo Romeo and Juliet ya mwalimu wenu, namuomba aisome tena mwishoni. Mtawala wa Verona, mji wa hadithi hiyo, anafunga mchezo kwa kusema kuwa wengine watasamehewa na wengine wataadhibiwa, na hatuambii ni nani na nani. Shakespeare, mtunzi wake, hakukosa khabari. Alikuwa na utenzi wa Kiingereza wa Arthur Brooke, uliochapishwa mwaka 1562, ambao unataja kila kitu: yaya kafukuzwa mji, muuza dawa aliyetoa sumu kanyongwa. Yeye alivifuta vyote. Kwa hiyo ule mwisho wanaouita wazi umefungwa nusu kwa makusudi, na watu bado wanauliza nani aliadhibiwa.

Lakini kulinganisha huko kumenionesha jambo ambalo kikundi chenu, kwa kugombania nani, kimelipita. Kule Verona miili miwili imelazwa pamoja, na baba zao wanaahidiana sanamu za dhahabu. Kwenu, -m- ni ya umoja. Haikuandikwa "ikawarudisha". Kiambishi hakituambii nani, ila kinatuambia mmoja. Awe Hamad, awe Riziki, awe hai, awe maiti, aliyerudi karudi peke yake na mwenzake kabaki. Hilo ndilo mstari unalolisema bila utata wowote, na ndilo msiba wenyewe. Tafsiri yoyote inayolipoteza hilo imekosea, hata ikipatia jinsia.

Sasa kazi yako ya Kiingereza. Kuna kile kiwakilishi cha wingi ambacho Waingereza hukitumia pia kwa mtu mmoja asiyejulikana mwanamme au mwanamke. Usikiguse hapa. Msomaji ataona watu wawili wamerudishwa pamoja, na umeshamuua mwandishi. Njia ya pili ni kusema bahari ilirudisha "ilichokichukua". Inavutia kwa sauti, lakini inamfanya mtu kuwa kitu, na tumeshaona hata maiti hatumfanyi hivyo. Njia ya tatu, ninayokupendekezea, ni kuandika kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "bahari ikarudisha mmoja wao". Kiingereza kina neno la "mmoja" lisilo na jinsia, na linalinda umoja wa -m- kwa nguvu zote.

Ina gharama yake, na uijue kabla ya kulipa. Kwa Kiswahili msomaji hauoni utata. Kila mmoja wenu aliusoma mstari akiwa na hakika kuwa anamjua aliyerudishwa, mpaka mlipokaa pamoja mkagundua kuwa mlisoma hadithi mbalimbali. "Mmoja wao" inamtangazia Mwingereza tangu mwanzo kwamba anafichwa kitu. Hakika ya kimya inageuka kitendawili. Nimezunguka sana nikitafuta njia ya kuliepuka hilo, na sikuipata. Naona bado ni hasara ndogo kuliko kumtaja Riziki. Mwandishi yuko hai na ni mwenzenu, basi mpelekee mstari wako umuulize kama anauridhia. Usimuulize ni nani aliyerudishwa. Akikujibu, utaanza kutafsiri jibu lake badala ya hadithi.

Kitenzi nacho ukiangalie. Kiingereza kina neno la kurudisha kwa maana ya kumpa mwenyewe kilicho chake, na jengine la kurudisha kwa maana ya kukataa kilicholetwa. La kwanza litamfanya kila msomaji aone maiti, la pili litamfanya amuone bibi harusi aliyekataliwa. Tafuta lile la tatu, la jumla, linalobeba yote mawili, hata kama ni kavu kidogo.

Na "siku ya saba" usiigeuze "wiki moja baadaye". Andika siku ya saba kama ilivyo. Wahariri wa huko wakitaka kuelezwa fungate ni nini, maelezo hayo yaingie mapema, pale somo anapomfungia Riziki mlango wa chumba, yasije yakabandikwa karibu na mstari wa mwisho.