Hilux kuvuta kushoto baada ya kuinuliwa mbele

Mkuu, unasema Hilux yako inavuta kushoto tangu iwekwe springi ndefu mbele, na fundi wako hapo Kigoma anataka ununue stelingi boksi (boksi la gia za usukani). Usitoe hela bado.

Pima upepo tairi zikiwa baridi, halafu badilishana zile mbili za mbele, kama hazina mshale wa uelekeo. Ikigeuka kuvuta kulia, mchawi ni tairi. Ijaribu pia katikati ya lami ya Kasulu kukiwa hakuna magari, maana barabara ina mgongo. Ukikaa kushoto, gari lolote litateremkia kushoto.

Ikiendelea, huenda shida ni kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi kuelekea nyuma, ukiitazama tairi kwa ubavu. Ukiinua mbele kasta hupungua, na mara nyingi pande mbili hazipungui sawa. Gari huvutia upande wenye kasta ndogo. Mafundi wengi huzungusha tairodi tu (vyuma vinavyogeuza tairi za mbele), usukani unanyooka, unalipa, unaondoka nayo ikivuta vilevile. Dai vipimo vya kasta na kemba (tairi kulala ndani au nje ukiitazama kwa mbele) vya kila upande. Marekebisho yapo kwenye bolti za kamu za mkono wa chini, yaani zile ukizizungusha zinausogeza mkono unaoshika gurudumu: zilegezwe, zisetiwe, zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, bushi (mipira ya kwenye maungio ya mkono) hubaki zimejipinda.

Na ukitoka mwendo mrefu, sogeza kiganja karibu na ringi. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki yake imeshika, nayo huvuta gari upande huo.