Maswali na majibu: treni za kwanza za mvuke na mzee Trevithick anayesahaulika

Tangu SGR ianze kubeba watu huku kwetu maswali ya reli yamekuwa mengi kweli, na mengi yanarudi pale pale: nani alianza na ilikuwaje. Nimekusanya machache nayajibu hapa, mengine kwa kirefu mengine fasta fasta, na niseme mapema kwamba kuna mtu kwenye hii historia ananyimwa haki yake kila siku kwa hiyo nitamtaja sana.

"Shuleni tuliambiwa treni alivumbua George Stephenson, mwingine akasema ni James Watt. Nani mkweli?" (msomaji, Morogoro)

Hakuna mkweli hapo. Watt aliboresha sana injini ya mvuke lakini zake zilikuwa za presha ndogo, likitu likubwa linajengewa nyumba yake, halihami. Mvuke wa presha kubwa hakuutaka kabisa, aliuona ni hatari, na hataza yake (haki ya kisheria ya uvumbuzi) iliwabana mafundi wengine mpaka ilipoisha mwaka 1800.

Mtu aliyeweka kichwa cha treni juu ya reli na kikavuta mzigo ni Richard Trevithick, fundi wa Cornwall, huko kwenye migodi ya bati na shaba kusini magharibi mwa Uingereza. Akili yake ilikuwa hivi: ukiubana mvuke vya kutosha unasukuma pistoni kwa nguvu sana hata kama silinda ni ndogo, na ukishatumika unautupa tu nje kupitia bomba la moshi, huhitaji tena lile dude la kuupooza lililokuwa kwenye injini za Watt. Injini ikapungua mpaka ikawezekana kuifungia magurudumu. Tarehe 21 Februari 1804 pale Penydarren, karibu na Merthyr Tydfil huko Wales, mashine yake ikavuta tani 10 za chuma kwenye mabehewa matano, na juu yake wakapanda watu kama 70, umbali wa kilomita 15 hivi. Nyuma yake kulikuwa na dau, mwenye kiwanda Samuel Homfray alikuwa amebishana na tajiri mwenzake kwa gini 500 (pesa za Uingereza za wakati huo). Walitumia saa nne na dakika tano, na hiyo saa nne isikufanye udharau maana njiani ilibidi wakate miti na kuondoa mawe ili mashine ipite, huo wote ni muda wa kusimama.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, 1804, Trevithick, basi. Stephenson wakati huo ni kijana wa miaka 22 anahudumia injini kwenye migodi ya makaa ya mawe.

"Kama 1804 iliwezekana, mbona reli ya kwanza ya maana ni 1825? Miaka yote hiyo walikuwa wanafanya nini?"

Tatizo lilikuwa reli zenyewe. Mashine ya Trevithick ilikuwa na uzito wa tani 5 hivi, na zile reli zilikuwa vipande vifupi vya chuma cha kumimina kwenye kalibu, chuma cha hivyo kigumu lakini kinavunjika ghafla, wala hakipindi. Zilitengenezwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi, zikakatika kila mara, wakarudi kwa farasi.

Kilichowarudisha kwenye mvuke ni vita vya Napoleon, maana jeshi lilikuwa linakula farasi na chakula cha farasi, bei zikapanda, wenye migodi wakaanza kutafuta njia nyingine. 1812 kule Leeds, Matthew Murray na John Blenkinsop wakatengeneza mashine yenye gurudumu la meno linalong'ata reli ya meno pembeni kwa sababu waliogopa gurudumu laini litateleza. Mwaka uliofuata William Hedley pale Wylam akapima akaona hakuna kuteleza kokote, uzito wa mashine wenyewe unatosha kushika reli. Halafu 1820 John Birkinshaw akapata njia ya kutoa reli ndefu za chuma cha kufua kwa kuzipitisha kwenye roli. Hapo ndo mambo yakafunguka, na mimi naona Birkinshaw angestahili sanamu.

"Ni kweli Stephenson hakujua kusoma?" (mwalimu, Kisumu)

Kweli kabisa. Alizaliwa 1781 pale Wylam, baba yake alikuwa anachochea moto wa injini ya mgodini, watoto wengi, hela ya shule hakuna. Alianza kujifunza kusoma na kuandika akiwa kama miaka 18, anatoka kazini jioni anakwenda kwa mwalimu analipa mwenyewe. Mtoto wake Robert akamsomesha kwa nguvu zote, na mtoto ndo akaja kuwa injinia mkubwa.

Nimemtetea Trevithick lakini Stephenson naye simvunjii heshima hata kidogo. Angalia hili: yeye na mshirika wake walikuwa na hataza ya reli za chuma cha kumimina, yaani kila reli ikiuzwa yeye anapata chake. Ilipofika kujenga reli ya Stockton na Darlington akawaambia mabosi wake waziwazi wanunue sana za Birkinshaw kwa sababu ni bora zaidi. Akagombana na mshirika wake kwa ajili hiyo. Mtu wa namna hiyo unamwamini akikwambia daraja litashika.

Hiyo reli ilifunguliwa 27 Septemba 1825, mashine ikiitwa Locomotion, na mamia ya watu wakapanda juu ya makaa na kwenye mabehewa. Ila wengi hawajui kwamba huduma ya kawaida ya abiria pale iliendelea kuvutwa na farasi mpaka 1833, mvuke ulikuwa wa mizigo.

"SGR yetu ina upana wa milimita 1,435. Nasikia ulitoka kwa magari ya farasi ya Warumi, ni kweli?" (msomaji, Dodoma)

Hiyo ya Warumi inasambaa sana ila usiibebe. Njia za mikokoteni kwenye migodi ya Uingereza zilikuwa na upana tofauti tofauti, kila mgodi na wake. Stephenson alizoea upana wa mgodi wa Killingworth alikokuwa anafanya kazi, futi 4 na inchi 8, akaupeleka Stockton na Darlington, akaupeleka Liverpool na Manchester, baadaye ikaongezwa nusu inchi ili magurudumu yapate nafasi ya kucheza kidogo. Ndo hiyo 1,435. Alikuwepo injinia mwingine, Brunel, aliyejenga reli pana ya futi 7 na kitu, na treni zake zilikimbia vizuri tu, lakini za Stephenson zilishaenea na 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria reli mpya za abiria zifuate upana wake. Kwa hiyo ukipanda Dar kwenda Dodoma au Mombasa kwenda Nairobi kwa SGR, unapita juu ya kipimo cha mgodi wa makaa wa kaskazini mwa Uingereza. Reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni ya mita moja, na TAZARA ni 1,067.

"Rocket iliwashindaje wenzake?"

Hili nalipenda. Rocket ni kichwa cha treni cha Robert, mtoto wa Stephenson. Oktoba 1829 wenye reli ya Liverpool na Manchester waliweka zawadi ya paundi 500 pale Rainhill, mashine zishindane mbele ya maelfu ya watu. Masharti: isizidi tani 6, ivute mara tatu ya uzito wake, mwendo usipungue maili 10 kwa saa, iende na kurudi mpaka itimize umbali wa kama kutoka Liverpool mpaka Manchester na kurudi. Zilikuja tano, moja yake ilisukumwa na farasi anayekanyaga mkanda, hiyo ilitoka mapema. Novelty ilikuwa kipenzi cha watu, nyepesi na ina mbio, ila mabomba yake yakawa yanapasuka. Sans Pareil ya Timothy Hackworth ilikuwa na nguvu lakini silinda ikapata ufa.

Rocket ya Robert Stephenson ikamaliza peke yake. Siri yake iko ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Za zamani moto ulipita kwenye bomba moja pana katikati ya maji, joto jingi linatoka na moshi bure. Ndani ya Rocket walipitisha mabomba 25 ya shaba, membamba, moto umegawanyika humo na maji yamezunguka kila bomba, ni kama unavyokatakata nyama vipande vidogo ili iive haraka. Wazo hilo lilitoka kwa Henry Booth, mweka hazina wa kampuni, wala hakuwa fundi, na huko Ufaransa Marc Seguin naye alishalifikia kivyake. Kisha mvuke uliotumika unarushwa juu ndani ya bomba la moshi, unavuta hewa, hewa inachochea moto, kadiri unavyokimbia ndivyo moto unavyowaka zaidi. Ikifunguliwa yote ilifika karibu kilomita 48 kwa saa. Na ule mtindo wa kurusha mvuke kwenye bomba, rudi juu usome tena, Trevithick alikuwa nao 1804.

"Kuna mbunge aligongwa siku ya ufunguzi wa reli ya Liverpool na Manchester, alikuwa mtu wa kwanza kuuawa na treni?"

William Huskisson, mbunge wa Liverpool, 15 Septemba 1830. Wa kwanza hapana, wafanyakazi walishakufa kabla yake ila hawaandikwi sana. Boila ya Locomotion yenyewe ililipuka 1828 ikamuua dereva wake, John Cree.

Huskisson yalimkuta hivi. Treni ya wakubwa ilisimama Parkside kuchukua maji, abiria wakaambiwa msishuke, wakashuka. Yeye alikuwa amekosana na Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, akaona ndo nafasi ya kupatana, akamwendea wakashikana mikono. Rocket ikaonekana inakuja kwenye reli ya pili. Wenzake wakakimbia, yeye akababaika, akadandia mlango wa behewa la Wellington, mlango ukafunguka ukampeleka katikati ya njia. Rocket haikuwa na breki, dereva alichoweza ni kugeuza injini irudi nyuma tu na hiyo inachukua muda. Ikampita mguuni. Stephenson mzee akamkimbiza mpaka Eccles kwa mashine ya Northumbrian kwa mwendo wa karibu kilomita 58 kwa saa, binadamu walikuwa hawajazoea kasi ya hivyo, lakini saa 3 usiku akafariki.

Pamoja na hayo, mwaka 1831 reli hiyo ilibeba abiria zaidi ya 400,000. Na mzigo mkubwa uliofanya ijengwe ni pamba, kutoka bandari ya Liverpool kwenda viwanda vya Manchester, na pamba hiyo nyingi ililimwa na watumwa Waafrika huko Marekani. Hilo liandikwe kwenye kila kitabu kinachosifia reli hii, watu wale hawakupata hata tiketi.

"Huyo Trevithick aliishia wapi?"

1808 alijaribu tena London, akatengeneza njia ya duara watu wapande treni kwa kiingilio, reli zikavunjika. 1816 akaondoka kwenda Peru kuhudumia injini zake kwenye migodi ya fedha, vita vya uhuru vikamkuta huko akapoteza karibu kila kitu. Mwaka 1827 yuko Cartagena, Colombia, hana nauli, na hapo kwenye nyumba ya wageni akakutana na nani, Robert Stephenson, anayerudi kutoka migodini. Robert akampa paundi 50 arudi nyumbani. Miaka miwili baadaye kijana huyo anashinda Rainhill. Trevithick alikufa 1833 Dartford bila akiba, wafanyakazi wenzake wa kiwandani wakachanga wakamzika, kaburi halikuwekwa alama. Mwenyewe aliwahi kuandika kwamba Watt alisema anastahili kunyongwa kwa kuleta mvuke wa presha kubwa. Kila treni ya mvuke iliyokuja baadaye ilitumia presha hiyo hiyo.

"Mashine hizi bado zipo?"

Zipo. Rocket na Locomotion zote zimehifadhiwa Uingereza, ingawa Rocket ilibadilishwa sana ikiwa kazini haifanani na ile ya Rainhill. Puffing Billy ya Hedley, ambayo ndo kichwa cha treni kikongwe kuliko vyote vilivyobaki duniani, iko Science Museum ya London, na kuingia ni bure.