Farasi anayechechemea: usikimbilie kumvua viatu vyote

Ndugu, unasema farasi akichechemea avuliwe viatu vyake vyote vya chuma aende peku. Hapana, peku si dawa ya kuchechemea. Kwanza jua kinachomuuma. Akianza ghafla mguu mmoja, hasa mvua hizi, mara nyingi ni usaha ndani ya kwato. Shika ukuta wa kwato uone kama una joto kuliko wa pili, kisha weka vidole nyuma ya kifundo: mshipa ukipiga kwa nguvu, ita daktari wa mifugo aufungulie usaha njia, na mkumbushe chanjo ya pepopunda. Kiatu cha mguu huo kitang'olewa, ila ni kwa matibabu tu. Akiumwa miguu yote miwili ya mbele na kuegemea nyuma, hiyo ni dharura, usingoje kesho.

Peku ni uamuzi wa baadaye, akishapona. Ninawahudumia farasi hapa Jinja: anayebeba watalii kila siku kwenye changarawe huisha kwato haraka kuliko zinavyoota, maana huota milimita 6 hadi 10 tu kwa mwezi. Huyo mwachie viatu vya mbele. Wa malishoni anaweza kwenda peku, mradi fundi amchonge kwato kila wiki 6 hivi.