Shangazi, usiku nakula kisha najitapisha

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, nakaa kwa kaka na wifi yangu hapa Tanga, nauza kwenye duka la vitambaa. Asubuhi ni chai ya rangi tu, mchana nawaambia wenzangu nimefunga. Usiku wakishalala naingia jikoni: wali wa kiporo, chapati za kesho, hata sukari kwa kijiko. Ladha siisikii. Kisha naenda choo cha uani kujitapisha. Mwaka wa tatu huu. Wifi alidhani nina mimba, nikamdanganya ni vidonda vya tumbo. Hadi leo ananipikia uji. Mwili wangu ni wa kawaida, hakuna anayejua. Nimetubu mara nyingi, maana najua huu ni uroho. Linaloniogopesha zaidi ni kwamba sitaki kuacha. Nyumba ile kila kitu ni cha watu. Hiki ndicho changu peke yangu.
Mwenye Siri, Tanga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama hapo mwisho.

Uroho tuuweke kando. Mroho hufurahia chakula. Wewe hata ladha huisikii. Huu ni ugonjwa, unaitwa bulimia nervosa, jina alilolitoa daktari Gerald Russell wa London mwaka 1979. Wengi wenye nao hawakondi. Kwetu, ambako ukipungua kidogo tu unaulizwa kulikoni, nani angekushtukia?

Diana, aliyeolewa katika ukoo wa kifalme wa Uingereza, aliusimulia kwenye televisheni ya BBC mwaka 1995. Aliuita ugonjwa wa siri, akasema ulimpa faraja kama ya kukumbatiwa, ila ya muda mfupi. Yule wa kasri na wewe wa choo cha uani mmesema lile lile. Kwa hiyo kwamba hutaki kuacha sikushangai wala sikulaumu.

Lakini hicho chako kina bei. Asidi ya tumboni inakula meno. Kutapika kunamaliza madini ya potasiamu mwilini, na ikishuka sana moyo hupiga ovyo. Mapigo yakirukaruka, ukizimia au ukitapika damu, nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kukuche.

Sasa utaniona nakuambia kinyume: kula asubuhi. Kula na mchana. Njaa unayoilimbikiza kutwa ndiyo inayokuamsha kwenda kwenye sufuria. (Na hizo saumu za uongo, mwanangu, basi tena.)

Nenda hospitali ya mkoa, na ukifika usiseme vidonda vya tumbo. Sema "najitapisha," kama ulivyoniandikia mimi. Omba wapime potasiamu, kisha uonane na wahudumu wa afya ya akili. Wakiona haja watakupa rufaa. Tiba kubwa ni mazungumzo ya wiki kwa wiki na mtaalamu, pengine pamoja na dawa iitwayo fluoksetini, kwa maelekezo ya daktari.

Wifi yako ningemwambia. Mtu anayekukorogea uji wa ugonjwa usiokuwepo bila kuchoka, nadhani ataubeba na uliopo. Anza na uongo wa vidonda, mengine yatafuata.

Kisha uniandikie tena: kabla ya haya, katika nyumba ile, kipi kilikuwa chako?