Re: Mkorosho ukikatwa unaumia?

Mkuu umeuliza kama mkorosho unaumia ukiupogolea maana unatoa utomvu kama machozi, we acha tu, hata bibi yangu kule Newala alikuwa anasema usiukate kwa hasira. Ila kuumia kama mimi na wewe hapana bana, mmea hauna ubongo wala neva, ule utomvu ni wa kuziba kidonda.

Sasa usidhani basi ni kama jiwe. Kile kifauongo tulichokuwa tunakichezea utotoni, ukikigusa kinafunga majani, ni maji yanahama haraka kwenye vifundo vya jani, na umeme kidogo unapita humo ndani. Kuna mmea mwingine wa Marekani unakula nzi, akigusa kinywele cha jani lake mara moja unatulia, akigusa tena ndani ya kama sekunde 20 hivi, paap, umefunga! Yani unahesabu kabisa. Na ukiupa dawa ya usingizi kama etha unaacha kufunga, hiyo ndo inanichanganya mpaka leo.

Kwa hiyo mmea unahisi, ila kujijua kwamba upo, mi sioni ushahidi. We pogolea mikorosho yako, panga liwe kali tu.