Maswali yenu kuhusu yoyo: kabla ya kulaumu mkono, tazama uzi

Nimechonga yoyo ya mbao. Inashuka na kupanda vizuri, lakini haizunguki pale chini hata sekunde moja. Nimekosea wapi?

Bila shaka uzi umeufunga kwa fundo kwenye kijiti cha katikati. Ukifungwa hivyo, uzi ukiisha tu yoyo inaanza kujizungushia upya na kupanda, haina njia nyingine. Uzi wa yoyo haufungwi, unavishwa. Ni uzi mmoja uliokunjwa katikati, pande zake mbili zikasokotwa pamoja. Shika ncha isiyo na fundo, isokotoe mpaka nyuzi ziachane na tundu litokee, pitisha nusu moja ya yoyo katika tundu hilo, kisha achia. Uzi utajisokota wenyewe na kukikumbatia kijiti.

Sasa kijiti kinateleza ndani ya kitanzi, na yoyo inalala: inazunguka palepale chini. Ukivuta kidogo, uzi unalegea, unanaswa, nayo inapanda. Pedro Flores, Mfilipino aliyeanza kutengeneza yoyo California mwaka 1928, aliziuza zikiwa na kitanzi cha namna hii, na Wamarekani wakapagawa nazo.

Uzi wenyewe nausokotaje? Mshipi wa kuvulia samaki unafaa?

Mshipi haufai: unateleza, haushiki kitanzi, na unakata kidole. Tafuta uzi mnene wa pamba wa kushonea. Kata nyuzi 4 za mita 2.5 kila moja, zifunge pamoja kwenye kitasa cha mlango, usokote ncha ya pili mpaka ukilegeza kidogo uzi unajikunja vinundu. Mwenzako ashike katikati, wewe lete ncha yako kwenye kitasa bila kulegeza, kisha aachie polepole. Zitajisokota pamoja upande wa pili. Piga fundo lenye kitanzi kidogo cha kidole kwenye ncha zilizo huru, basi. Mkilegeza wakati wa kukunja, mtavuna mafundo matupu.

Naomba vipimo vya mbao.

Sahani mbili za kipenyo cha milimita 56 na unene wa 14, kijiti cha milimita 8, na nafasi ya milimita 3 kati ya sahani. Nafasi ikibana chini ya 2, uzi unanaswa mapema. Ikipanuka sana, yoyo hairudi.

Toboa kabla ya kukata. Chora duara kwa bikari, toboa palepale ncha ya bikari ilipochoma, ndipo ukate. Wengi hukata kwanza halafu wanakisia katikati. Tundu likikosea hata milimita moja, yoyo inayumba, uzi unasugua ukuta, usingizi unaishia hapo. Linganisha uzito wa sahani kwa mizani ya jikoni, na iliyo nzito ipunguze kwa msasa. Nyuso za ndani zilainishe sana. Gundi ya mbao tia kidogo tu, kwa sababu ikimwagikia kijiti itashika uzi.

Nimenunua yoyo yenye beringi. Inalala muda mrefu ajabu, ila nikivuta hairudi.

Si mbovu. Yoyo nyingi zenye beringi na nafasi pana zimeundwa zisirudi kwa kuvutwa. Ikiwa imelala, kunja sehemu ya uzi kwa kidole cha mkono mwingine, uingize mkunjo huo katikati ya sahani. Uzi ukijibana mara mbili pale ndani, yoyo inanaswa na kupanda kwa kasi, kwa hiyo weka kiganja tayari.

Uzi uwe na urefu gani, na uvaliwe kidole gani?

Simamisha yoyo sakafuni karibu na mguu. Uzi ufike kitovuni, ongeza sentimita chache za kitanzi. Kile kitanzi kidogo cha fundoni usikivae kilivyo. Pitisha uzi ndani yake upate tanzi linalokaza, ulivae kidole cha kati, kati ya kiungo cha kwanza na cha pili. Likikaa shinani mwa kidole, mrusho unapinda.