Jina la bibi yake mume wangu, mama asema ni la uongo

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mturuki wa Konya. Nina mimba ya miezi minane, na tumeambiwa ni msichana. Mume wangu anataka aitwe Kezban, jina la bibi yake aliyemlea. Mama yangu kusikia tu kaja juu: eti maana yake ni mwongo, na lipo kwenye Surat Rahman. Siku ya kumi hii hasemi na mkwewe. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Mama yako usimlaumu. Alichokisikia kipo, ila ni neno jingine. Ile aya inayorudiwa mara 31 katika Surat Rahman inaishia na tukadhdhiban, mnakanusha, na sisi huku tuna kidhabu wetu, yaani mwongo. Waturuki hawana sauti ya dh. Wakiisoma aya hiyo huisoma kwa z, na hapo ndipo Kezban linapoingia sikioni. Hata huko kwao wapo wanaoamini kama anavyoamini mama.

Jina lenyewe si la Kiarabu, limetoka Uajemi: kadbanu. Kad ni nyumba. Banu ni bibi, kwa maana ya mwanamke mwenye heshima yake. Kadbanu basi ndiye mwenye nyumba, yule ambaye ufunguo wa stoo anao yeye, na mgeni hali mpaka yeye apakue. Mpaka leo Waajemi humwita hivyo mwanamke hodari wa mapishi na wa kuitunza nyumba. Mwenzake wa kiume ni kadkhuda. Waturuki walimchukua wakamwita kethüda, na kwa kusagika midomoni akawa kâhya, msimamizi wa mali. Ukoo wa jina hili ni huo, na kwa bibi aliyelea mjukuu mpaka akawa mume wa mtu, naliona limemkaa.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine, na mumeo anakijua. Siku hizi vijana wa Uturuki hulitumia Kezban kumcheka msichana wanayemwona mshamba. Ndiyo maana watoto wanaopewa sasa ni wachache. Mkikaa Tanga halitamgusa. Akienda kusoma Konya, atalisikia siku ya kwanza darasani, na wewe hutakuwepo.

Waturuki wana göbek adı, yaani jina la kitovu, jina ambalo kwa desturi mtoto alipewa pale kitovu kinapokatwa, na mara nyingi huwa la babu au bibi. Analo maisha yake yote, hata kama kila siku anaitwa jingine. Mpe Kezban liwe la kitovu. La kuitwa nalo mwite Banu: ni jina linalojulikana Uturuki, na ni nusu ya lile lile la bibi. Mumeo hatapoteza kitu.

Kwa mama usiende wewe. Mtume mumeo, kwa Kiswahili chake hicho hicho, akae naye mkekani amsimulie huyo bibi: alimlisha nini, alimfunika na nini usiku wa baridi ya Konya. Mama amegombana na neno. Bado hajamjua mwenye jina.